Saa nne zilizopotea

Mjomba alikuwa amekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, pale Deep Sea, ufukweni Tanga, anashona wavu. Mimi nimechuchumaa mchangani, kijiti mkononi, namchorea dunia.

Niliichora duara. Nikaizungushia bahari, lakini bahari yenyewe nikaipa umbo la yai: nundu ya maji upande huu, nundu ya maji upande ule. Pembeni nikaweka mwezi. Kisha nikaanza kueleza kwa ile sauti niliyoifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo cha kabati la mama. Mwezi unavuta maji. Maji yanatuna. Dunia inajizungusha, nasi Tanga tumo juu yake. Tukipita kwenye nundu ya kwanza tunasema maji yamejaa, tukitoka yamekupwa, tukiifikia ya pili yamejaa tena. Mara mbili kwa siku.

Mjomba hakuinua kichwa. Alikata uzi kwa meno, akafunga fundo.

"Upande huu mwezi unavuta, sawa. Upande ule kuna nani?"

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Akaweka wavu chini, akauangalia mchoro vizuri kwa mara ya kwanza, kama mtu anayekagua samaki wa jana. "Na lingine, mpwa wangu. Mwezi ukiandama, unakwenda pamoja na jua. Saa sita mchana vyote viwili viko utosini. Kwa picha yako hii, maji yajae saa sita. Lakini maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kupwa sana, hapa kwetu yanajaa saa kumi. Tangu enzi za babu yako ni saa kumi. Hizo saa nne katikati zinakwenda wapi?"

Maji yalikuwa yanapanda. Yakaufikia mchoro, yakaanza kuula mwezi.

Nilinunua changu wa mama, nikapanda bajaji kurudi Makorora. Mhadhara wangu wa kwanza chuoni ulikuwa umebakiza wiki tano, na mada ya wiki ya kwanza ilikuwa hiyohiyo: kujaa na kupwa kwa maji.

Zile saa nne zimenikaa kooni tangu siku hiyo.

## Slaidi 64

Kazi niliipata kwa simu. Mkuu wa idara alisema aliyekuwa akifundisha kozi ile amekwenda masomoni, wanahitaji mtu wa kushika darasa la mwaka wa kwanza kwa muhula mmoja. Wiki 15, saa mbili za mhadhara kwa wiki na saa moja ya semina. Nilikubali hata hajamaliza kusema. Nilipokata simu ndipo nikakaa kitandani na kuangalia ukuta.

Muhtasari wa kozi ulikuja kwa WhatsApp, kurasa nne. Rafiki niliyesoma naye akanirushia madesa yake ya zamani, yaleyale ambayo sote tuliyapiga kopi kwa yule jamaa wa stesheneri, yenye doa la chai ukurasa wa saba. Doa nalo limeskaniwa. Nikafungua laptopu nikaanza kutengeneza slaidi.

Mama ndiye aliyetangaza. Alimwambia jirani, kwa fahari zake zote, kwamba mwanawe anakwenda kutoa mihadhara. Jirani akauliza kwa wasiwasi: "Ya dini gani tena?" Mtu wa Tanga ukimtajia mhadhara, anachokiona ni uwanja wa jioni, spika mbili, meza yenye vitabu vitakatifu na watu wanaobishana hadi giza linaingia. Nilicheka siku ile. Baadaye nikawaza kwamba wale wa uwanjani wana jambo moja ambalo mimi sikuwa nalo: lazima wajibu. Ukiulizwa pale na ukababaika, watu wanaondoka mbele ya macho yako.

Slaidi zikafika 20. Zikafika 40. Kila nilipopata mashaka niliongeza moja. Kama sikuwa na uhakika na mada fulani, niliipa slaidi tatu badala ya moja, pamoja na picha ya rangi. Usiku wa siku ile ya mjomba nilizihesabu: 64, kwa mhadhara mmoja wa saa mbili. Nikapiga hesabu. Ni chini ya dakika mbili kwa kila slaidi, bila kupumua, bila kunywa maji, bila projekta kuzima.

Bila mtu kuuliza.

Hapo nilisimamisha kalamu. Maana nilijua, na nilikuwa najua muda mrefu, kwamba hilo la mwisho halikuwa bahati mbaya. Nilikuwa nazijaza zile saa mbili kama mtu anayeziba matundu ya dau, mwanafunzi asipate upenyo wa kuingiza swali.

## Sitara

Slaidi ya 23 ndiyo ilikuwa na jibu la swali la kwanza la mjomba. Niliifungua. Sentensi moja ya Kiingereza, nzuri, yenye maneno marefu. Ilikuwa inazungumzia nguvu inayosukuma vitu nje pale kitu kinapozunguka, ile unayoihisi daladala ikikata kona kwa kasi. Niliisoma mara mbili. Nikasema, haya, nimwambie mjomba kwa Kiswahili.

Haikuwezekana.

Msinielewe vibaya. Maneno yapo. Uvutano upo, mzunguko upo, kani ipo. Kiswahili hakikunipungukia chochote. Kilichotokea ni kwamba nilipoivua ile sentensi nguo zake za Kiingereza, ndani hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye desa, aliyeandika desa aliinakili kwa mhadhiri wetu, na mhadhiri wetu sijui aliitoa wapi. Miaka yote hiyo imepita mikononi mwetu kama noti iliyochakaa ambayo kila mtu anaipokea gizani na kumsukumia mwenzake.

Kiingereza kilikuwa kinanisitiri. Sina neno bora kuliko hilo. Watu wengi hulalamika kwamba Kiingereza kinawazuia kusema wanachokijua, na ni kweli, nimeona. Kwangu mimi kilikuwa kinafanya kazi nyingine kabisa: kiliniruhusu kusema nisichokijua, na nikapata alama.

Angalia hata majina. Sisi tunasema bamvua na maji mafu. Mtoto wa Mwambani anajua bamvua kabla hajajua kusoma, kwa sababu ndizo siku ambazo bibi yake anashuka mwambani kuchokoa pweza. Maji mafu nayo yanajieleza yenyewe: hayaendi mbali, hayarudi kwa nguvu, yamelala tu. Kwa Kiingereza, maji ya bamvua huitwa "spring tide", jina linalofanana na la majira ya kuchipua, yale ya nchi za baridi baada ya theluji. Kidato cha kwanza nilidhani ni maji ya msimu huo. Nilifikiri, kwa akili ya miaka kumi na minne, kwamba ni jambo la Ulaya. Jina halihusiani na msimu wowote. Linatokana na maji kuchomoza, kuruka juu. Lakini hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza, maana kuuliza kulitaka Kiingereza.

Kwa hiyo nilikaa darasani Tanga, hatua chache kutoka baharini, nikikariri bamvua kama habari za ughaibuni.

Nakumbuka mwaka wa kwanza chuoni (si chuo hiki) kuna mwenzetu alinyoosha mkono, akauliza kitu. Mhadhiri akamwambia, "Hilo utalikuta mbele." Muhula ukaisha hatujalikuta. Sikumbuki hata swali lilikuwa nini. Nakumbuka mkono ulivyoshuka.

## Bodaboda, bajaji, baiskeli

Swali la kwanza lilinichukua siku nne. Sitaki kudanganya kwamba niligundua kitu. Majibu yapo vitabuni kwa yeyote anayesoma kwa nia ya kuelewa. Kazi ilikuwa kulipata jibu ambalo ningeweza kulisimamia pale mchangani bila slaidi.

Lilikuja nikiwa nimesimama kando ya barabara Ngamiani, nasubiri kuvuka.

Chukua vyombo vitatu vinavyotoka Ngamiani pamoja kuelekea Raskazone: bodaboda, bajaji na baiskeli. Vyote vinakwenda upande mmoja. Bodaboda ina kasi zaidi, bajaji ni ya katikati, baiskeli ya mwisho. Baada ya dakika tano, aliye ndani ya bajaji akitazama mbele anaona bodaboda imemwacha. Akigeuka nyuma, baiskeli imebaki kule. Kwake yeye ni kama vyote viwili vimemkimbia, kimoja mbele, kimoja nyuma. Hakuna aliyeisukuma baiskeli irudi nyuma. Imevutwa kidogo kuliko yeye, basi.

Mwezi ni Raskazone. Maji ya upande wa mwezi yako karibu, yanavutwa zaidi: hiyo ni bodaboda. Dunia yenyewe ni bajaji. Maji ya upande wa pili yako mbali zaidi, yanavutwa kidogo kuliko vyote, yanabaki nyuma. Ndiyo nundu ya pili. Jua nalo linafanya hivyohivyo, ingawa kwa umbali wake nguvu yake juu ya maji haifiki hata nusu ya ile ya mwezi. Vikijipanga kwenye mstari mmoja, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, vinasaidiana: bamvua. Mwezi ukiwa nusu, vinavutana pembeni: maji mafu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Deep Sea na bodaboda yangu, bajaji yangu na baiskeli yangu. Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Alirudia mwenyewe kwa sauti ya chini, akihesabu kwa vidole.

"Hiyo nimeielewa," akasema. Nikajiona mhadhiri.

"Haya. Na zile saa nne?"

## Yai lisilokuwepo

Hapa ndipo nilipotaka kukimbia.

Nilichukua jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, nikaandika saa za mwezi mzima kwenye daftari la mistari, kwa mkono, kama mtoto wa shule. Maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Hilo nilikuwa nalijua kwa nambari. Lakini sikuwahi kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu maisha yote: kwamba kwa sababu bamvua inafungamana na mwezi na jua kwa pamoja, siku za bamvua maji ya hapa kwetu hujaa sana karibu saa ileile, na kukupwa sana karibu saa ileile. Kupwa kama saa nne asubuhi, kujaa kama saa kumi. Mwezi huu, mwezi ujao, mwaka kesho.

Ndiyo maana wale kina mama wa pweza huwa wanakunywa chai kwanza. Mahamri, mbaazi, kufagia uwanja, halafu ndiyo wanashuka. Nilikulia ndani ya ratiba hiyo. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyeipanga.

Na mjomba alikuwa sahihi. Kama lile yai lingekuwa kweli, maji yangejaa jua na mwezi vikiwa utosini.

Nilitafuta. Nikasoma usiku mama akilalamikia luku inavyokwisha. Kumbe swali la mjomba lina wazee wake. Newton mwaka 1687 alieleza uvutano wa mwezi na jua juu ya bahari, na nundu zile mbili zinatoka kwake. Lakini bahari yake ni bahari tiifu, inayoitika mara moja, kana kwamba dunia nzima ni maji matupu, bila Afrika kusimama njiani. Kabla yake Galileo alikuwa ameukataa mwezi kabisa. Alishikilia kwamba maji yanapwa na kujaa kwa sababu dunia inajizungusha huku ikilizunguka jua, kama maji yanayoyumba kwenye chombo, na akamshangaa Kepler, mtaalamu wa nyota wa Kijerumani, mtu mwenye akili zile, kwa kuamini mambo ya mwezi. Nadharia yake ilitoa maji kujaa mara moja kwa siku. Mvuvi yeyote wa Sahare angemrudisha nyumbani.

(Hili lilinifariji kupita kiasi. Nililala vizuri usiku ule kwa mara ya kwanza.)

Aliyezikamata zile saa nne ni Laplace, Mfaransa, miaka ya 1770. Maji hayakai yakisubiri dunia ipite chini yake. Yanasafiri. Ni wimbi refu kupita kiasi, na wimbi la namna hiyo lina kasi yake inayotegemea kina. Ili lifuatane na mwezi sawia pale ikweta, lingehitaji kukimbia kama kilomita 1,600 kwa saa, na kwa hilo bahari ingetakiwa kuwa na kina cha kilomita 20 hivi. Bahari zetu kwa wastani hazifiki kilomita 4. Kwa kina hicho wimbi linakwenda kama kilomita 700 kwa saa. Halimpati mwezi ng'o. Tena njiani linakutana na mabara, linagonga, linarudi, linayumba ndani ya bonde la bahari yake kama maji ndani ya karai. Kila pwani ikapewa saa zake. Sisi tukapewa saa kumi.

Nilifurahi kwa dakika kumi. Kisha nikafungua slaidi ya 22, ile yenye yai, rangi ya buluu, mishale myekundu.

Yai halipo. Ukienda baharini huwezi kulikuta. Mwezi na jua vinavuta hivyo kweli, ila bahari haijakaa hivyo. Na mimi nilikuwa nakwenda kuwapa watu mia na zaidi hilo yai walibebe miaka mitatu, kama nilivyolibeba mimi.

## Mashauri

Nilimpigia mtu aliyefundisha miaka mingi, ambaye namheshimu sana. Shikamoo, marahaba, hali za nyumbani, kisha nikamweleza. Akacheka kwa upole.

"Mwaka wa kwanza wape yai. Ukweli watakutana nao mwaka wa tatu."

Nikamuuliza, na wakiniuliza zile saa nne?

"Hawatauliza." Akanyamaza kidogo. "Na wakikuuliza kitu hukijui, usiseme sijui wiki ya kwanza, mwanangu. Hasa wewe, msichana, na mwili wako huo mdogo. Watakupanda kichwani muhula mzima."

Sikumwona mtu mbaya na simwoni hivyo sasa. Anafundisha kozi nne, anasahihisha madaftari hadi usiku wa Idi. Na aliyosema kuhusu mwili wangu mdogo ni kweli. Wiki ile nilipokwenda kuchukua funguo, mlinzi aliniambia usajili wa wanafunzi wapya ni jengo la pili.

Lakini lile "hawatauliza" liliniuma kuliko yote. Maana mimi ndiye niliyekuwa nimetengeneza slaidi 64 ili wasiulize.

Kuna la lugha pia, na hilo sijalimaliza. Naliandika hapa likiwa bichi. Kanuni iko wazi: chuoni tunafundisha kwa Kiingereza. Nikieleza kwa Kiswahili watanielewa, nimeona kwa mjomba kwamba mtu aliyeishia darasa la saba anaweza kulifikia swali lililomsumbua Newton. Lakini alama 40 za kozi na alama 60 za mtihani wa mwisho zote zitaandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyeelewa bodaboda na bajaji, akashindwa kuiandika, atakamata supu, mtihani wa marudio. Mwenzake aliyekariri ile sentensi ya slaidi ya 23, yenye utupu ndani, atapita. Mimi nilipita.

Sasa nimsaidie yupi, na kwa namna gani? Nikimsitiri kwa Kiingereza namdanganya. Nikimvua kabisa namtoa nje bila nguo. Kuna siku niliamua nitafundisha saa ya kwanza kwa Kiingereza na ya pili kwa Kiswahili. Kuna siku niliamua kinyume chake. Kuna siku nilitaka kumpigia mkuu wa idara nimwambie nimepata dharura.

Mama aliniona nimeduwaa mezani na wali umepoa. Akaniuliza kama ni mwanamume. Nikamwambia ni mwezi. Akasema afadhali.

## Jumanne

Usiku wa Jumatatu nilizifuta slaidi. Sikuzifuta kwa ushujaa, nilifuta moja moja kwa uchungu, na nyingine nikazirudisha. Zikabaki tisa. Yai nililiacha. Nililiandikia chini yake, kwa Kiingereza chepesi kabisa, kwamba hivi ndivyo bahari ingekaa kama ingekuwa tiifu.

Slaidi ya kwanza ilikuwa picha mbili. Nilizipiga kwa simu siku ya bamvua, nimesimama palepale karibu na ngalawa ya mjomba. Ya kwanza saa nne asubuhi: mchanga, mawe, ngalawa zimelala ubavu, watu wawili wadogo kabisa kule mbali wameinama. Ya pili saa kumi jioni: maji tu. Ngalawa zinaelea.

Orodha ilikuwa na majina 118. Waliokuja sikuwahesabu, ila viti vya mbele vilikuwa vitupu na vya nyuma vimejaa, kama kawaida ya dunia. Projekta iliwaka mara ya tatu. Nilijitambulisha, sauti ikatoka nyembamba kuliko ile ya kioo cha kabati. Nikaeleza alama 40 na 60, siku za semina, na kwamba bumu la mkopo likichelewa mimi sihusiki. Wakacheka kidogo. Nikaweka picha.

Nikawauliza kwa Kiingereza: siku za bamvua, kwa nini hapa maji yanajaa saa kumi, na si saa sita?

Kimya.

Nilikuwa nimeambiwa nihesabu hadi kumi moyoni. Nikahesabu. Nikafika kumi, nikaendelea. Feni moja ilikuwa inalia kwiki, kwiki. Kuna aliyeandika swali lenyewe kwenye daftari, akalipigia mstari kwa rula, akasubiri nimpe jibu aliandike chini yake. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha slaidi ya pili. Kingebonyeza tu, tungeokoka wote.

Nilifika thelathini na kitu mkono uliponyooka kule nyuma. Kijana mrefu, shati la mikono mirefu limefungwa hadi shingoni. Alisimama. Akaanza kwa Kiingereza, akasema maneno matatu, akakwama. Akaanza upya, maneno yaleyale matatu. Watu wakaanza kugeuka. Nikauona mkono unaanza kushuka.

"Sema kwa Kiswahili," nikamwambia. Kwa Kiswahili.

Alinitazama kama anayepima kama ni mtego.

"Madam, mimi natoka Kigoma. Ziwa letu haliendi popote. Bahari nimeiona wiki iliyopita, nilipokuja kuripoti. Nilikuta imejaa, kesho yake asubuhi nikakuta haipo." Akaionyesha picha ya kwanza kwa kidole. "Swali langu si la saa. Hayo maji yakitoka hapo, yanakwenda wapi?"

Darasa zima likapasuka kwa kicheko. Cha sauti kabisa kilitoka safu ya tatu, kwa kijana mwenye jezi ya Coastal Union, mtoto wa hapahapa, anapiga meza kwa kiganja.

Niliwasubiri wamalize. Kisha nikashuka, nikaenda hadi safu ya tatu, nikamnyooshea yule wa jezi maka peni.